Mayai Machache, Sukari Kidogo

Kiingereza kwa Wanaoanza: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliishia kwenye "a" na "an". Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Kirushya, wilayani Ngara, ameleta swali ambalo kwa kweli lilistahili kutangulia: kwa nini "a banana" ni sawa na "a rice" ni kosa? Anasema aliwapa wanafunzi kanuni iliyomo kitabuni, kwamba kinachohesabika hupewa "a" na kisichohesabika hakipewi, na mwanafunzi mmoja akamjibu kwamba mchele unahesabika, ukiwa na muda.

Mwanafunzi huyo amesema kweli. Kanuni ile imeandikwa katika vitabu vingi na haisimami. Mama anayechambua mchele kwenye ungo hupitia punje moja moja akitupa mawe, na bado "rice" haipokei "s". Akimaliza akahamia kwenye maharage, ungo ni ule ule, mawe ni yale yale, lakini sasa Kiingereza kinadai "beans". Fedha ndiyo kabisa: karani wa benki hushinda akizihesabu, na "money" imewekwa katika nomino zisizohesabika. Kwa hiyo kukitazama kitu chenyewe hakukupi jibu. Jibu limo katika mazoea ya lugha, na mazoea hayo hayakupangwa na mtu aliyekaa chini akapima ukubwa wa punje.

Ngara wanayo kumbukumbu yao ya jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya laki mbili kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na pale Benaco ikaota kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule. Chakula cha mgao kilikuwa hasa nafaka, maharage, mafuta na chumvi, na mashirika yaliyokileta yalifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Yaandike majina ya mgao huo kwa Kiingereza uyatazame: "maize", "beans", "oil", "salt". Vyote vinne vilipimwa kwa kopo, hakuna aliyehesabiwa punje. Lakini "s" imekwenda kwa kimoja tu. Mahindi yamenyimwa, maharage yamepewa, ingawa punje ya hindi na punje ya harage hazipishani sana kwa ukubwa.

Basi mwalimu afanyeje? Wengi hukata tamaa hapo, wakawapa watoto orodha ya kukariri. Mimi nadhani kuna njia fupi zaidi, na imo midomoni mwa watoto wenyewe. Mtanzania anayeanza Kiingereza haingii somo hili mikono mitupu. Kiswahili chake kinauchora mpaka huu huu kila siku, tena kwa maneno mawili ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza hayachanganyi: "-chache" na "kidogo".

Mtume mtoto dukani umsikilize. Atasema mayai machache, nyanya chache, ndizi chache, vitumbua vichache. Hatasema sukari chache wala chumvi chache. Atasema sukari kidogo, chumvi kidogo, unga kidogo, mafuta kidogo. Kiingereza nacho kina maneno mawili ya kazi hiyo hiyo: "a few" husimama panaposimama "-chache", na "a little" husimama panaposimama "kidogo". Mayai machache ni "a few eggs". Sukari kidogo ni "a little sugar". Nomino iliyokubali "-chache" kwetu, kwa sehemu kubwa kabisa, itakubali "s" na "a" kwao. Iliyokataa "-chache" ikataka "kidogo" peke yake, iache bila "s" na bila "a".

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. "Kidogo" ninayoisema hapa ni ile isiyobadilika, yenye maana ya kiasi. Ipo nyingine, ya kivumishi, inayofuata ngeli na kueleza umbo: kiazi kidogo, kitunguu kidogo, kikombe kidogo. Hiyo ni "small" na haihusiki. Ukitaka kuzitenganisha, jaribu ugali: ugali mdogo ni ule uliosongwa kwa ajili ya mtu mmoja, ugali kidogo ni kiasi kilichobaki sufuriani. Kwa nomino za ngeli ya ki-vi, fanya jaribio kwa wingi, vitunguu, viazi, vitumbua, nawe hutababaika.

Sasa pitisha jikoni nzima kwenye jaribio hili. Maji, maziwa, mafuta, asali, chai, kahawa, uji, mchuzi, supu, sukari, chumvi, unga, ugali, mchele, wali, mtama, ulezi, ufuta: vyote vinataka "kidogo". Vyote kwa Kiingereza havina "s" katika matumizi ya kawaida. Utamsikia mtu mmoja mmoja akisema "maji machache", sikatai, lakini sikio la wengi linataka "maji kidogo". Kisha chukua mayai, machungwa, maembe, nyanya, karoti, viazi, maandazi, chapati, njegere, karanga, maharage. Vyote vinapokea "-chache" bila taabu, na vyote kwa Kiingereza vinahesabika. Maharage yale yaliyotusumbua mwanzoni yameingia mahali pake yenyewe: maharage machache, "a few beans". Mchele kidogo, "a little rice". Hata senene wa Bukoba, ambao hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuwahesabu, tunasema wamebaki senene wachache, na Kiingereza kinawaita "grasshoppers", kwa "s".

Kuna jaribio jingine ambalo walimu hulipenda, la "-ngapi". Silipendi. Huulizi "maharage mangapi?" sokoni Kabanga wala Rulenge, unauliza sado ngapi, kilo ngapi. Kwa jaribio hilo maharage yangeangukia upande wa mchele, na mtoto angeandika "bean" bila "s". Halafu "sukari ngapi?" mezani ina maana ya vijiko, na "soda ngapi?" ina maana ya chupa, hivyo kila kitu kinaonekana kuhesabika. "-Chache" ni kali zaidi. Inauliza kama akili yako inaviona vitu vyenyewe vimetengana, hata kama mkono wako hautavihesabu.

Mpaka hapa njia ni nyeupe. Panapokuwa na kazi ni kwenye fungu la tatu, la nomino ambazo kwetu hupokea maneno yote mawili. Samaki wachache, samaki kidogo. Kuku wachache, kuku kidogo. Mikate michache, mkate kidogo. Nyama chache, nyama kidogo. Mihogo michache, muhogo kidogo. Hapa Kiswahili kinakuruhusu kukiona chakula kwa namna mbili, kikiwa vitu au kikiwa kitu tu cha kuliwa, na Kiingereza kinakuruhusu mara nyingine na kukukatalia mara nyingine.

Kwa kuku kinaruhusu. "A chicken" ni kuku mzima, mwenye manyoya au aliyekwisha nyonyolewa, lakini mzima. "Chicken" bila "a" ni nyama yake. Anayesema "I like chickens" ni mfugaji. Anayesema "I like chicken" ana njaa. Ukiandika "I ate a chicken" umetangaza kwamba ulimmaliza wote. Samaki vivyo hivyo, isipokuwa kwamba "fish" kwa kawaida haibadiliki katika wingi: "a fish", "two fish", kama vile sisi tunavyosema samaki mmoja, samaki wawili. Kitunguu kikiwa kapuni ni "an onion". Kikishakatwakatwa kwenye kachumbari mtu analalamika "there is too much onion". Keki nzima ni "a cake", na ukimegewa unakula "some cake".

Mwanafalsafa Francis Jeffry Pelletier aliliandikia jambo hili mwaka 1975, akisema wazo lenyewe alipewa na mwenzake David Lewis: tuchukulie kwamba kuna mashine ya kusaga inayoweza kusaga kitu chochote duniani. Tumbukiza kitunguu, ng'ombe, hata meza. Kitakachotoka upande wa pili hakihesabiki tena, na Kiingereza kitakiita kwa jina lile lile bila "a". Wanafalsafa walikuwa wanatafuta makuu. Sisi tunayo mashine ya kusaga katika kila kijiji, na tunajua kwamba ukipeleka mihogo unarudi na unga, jina limebadilika na ngeli imebadilika. Kiswahili hupenda kukipa kilichosagwa jina jipya, na ngeli ya u- imejaa vyakula vya namna hiyo: unga, uji, ugali. Kiingereza hupenda kuliacha jina vile vile na kuiondoa "a".

Isipokuwa kwa nyama. Hapo Kiingereza kimefanya kama sisi, kikatafuta jina jingine. Ng'ombe malishoni ni "cow" au "ox", mezani ni "beef". Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Majina ya mezani yametoka Kifaransa, yaliingia baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na majina ya zizini yamebaki ya Kiingereza cha asili. Mwandishi Walter Scott aliifanya habari hiyo ijulikane na wengi kupitia riwaya yake ya Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa 1819. Mwanafunzi hahitaji kukumbuka Wanormani. Akumbuke kwamba "beef", "pork", "mutton" na "meat" yenyewe hazipokei "a" wala "s" katika mazungumzo ya kawaida.

"Meat" ndiyo inayotuumiza zaidi. Sisi tunasema "niliwekewa nyama mbili tu", na kila mtu anaelewa ni vipande viwili, tena anakuonea huruma. Mwanafunzi akiandika "I was given two meats", Mwingereza ataelewa nyama za aina mbili, pengine ya ng'ombe na ya mbuzi, na atadhani ilikuwa karamu. Finyango mbili za nyama ni "two pieces of meat". Lazima kipande kitajwe.

Na mkate. Kwetu ni mkate mmoja, mikate miwili, ngeli ya m-mi kama mti na mto, hakuna kitu kinachohesabika kuliko huo. Kwao "bread" haihesabiki hata kidogo. "Two breads" ni kosa ambalo nimeliona kwenye daftari za kidato cha nne. Mkate mzima, ule ambao Zanzibar wanauita boflo, ni "a loaf of bread". Miwili ni "two loaves of bread". Kipande kilichokatwa, slesi, ni "a slice of bread". Ukiupasha ukawa mkavu unakuwa "toast", nayo pia haihesabiki. Andazi, kitumbua, chapati, mkate wa kumimina: Kiingereza cha Afrika Mashariki kinayachukua majina hayo kama yalivyo, nayo yanahesabika, "two chapatis", "three mandazis". Kwa hiyo mtoto ambaye kifungua kinywa chake ni chapati hana shida. Tatizo linaanzia kwenye mkate.

Wakaidi wengine katika fungu hili si wengi na inafaa wajulikane kwa majina. Mahindi: hindi moja, mahindi machache, lakini "maize" haina wingi, na hindi moja la kuchoma ni "a cob of maize". Wamarekani wanaoliita "corn" nao hawaweki "s". Muhogo: "cassava" tu, na ukitaka mizizi miwili sema "two cassava roots". Kitunguu saumu: "garlic", na kile kidole kimoja unachomenya ni "a clove of garlic". Mchicha na spinachi: "spinach". Halafu kuna matunda, ambayo nayaweka peke yake.

Matunda machache, tunda moja, hesabu safi. Kiingereza cha kawaida kinasema "fruit" kwa yote: "we eat fruit every day", "there is some fruit on the table". "Fruits" ipo, lakini hutumika zaidi mtu anapotaja aina za matunda, kama bwana shamba anayeeleza yale yanayostawi wilayani. Tunda moja ambalo hutaki kulitaja jina unaweza kuliita "a piece of fruit". Sasa weka mboga kando yake: "vegetables", kwa "s", kila siku. Ndiyo maana wanaandika "fruit and vegetables", la kwanza tupu, la pili lina mkia. Ukiniuliza sababu nitakujibu kwamba ndivyo walivyozoea. Mwalimu asiogope kutoa jibu hilo. Ni jibu la kweli, na ni heri kuliko kubuni kanuni ya uongo.

Turudi kwenye maji, kwa sababu yana kosa lake la pekee ambalo watoto wa Ngara na Biharamulo wana kila sababu ya kulifanya. Maji, maziwa, mafuta, kwetu ni ya ngeli ya wingi. Tunasema maji yamemwagika, maziwa yamechacha, mafuta yamepanda bei. Hakuna "ji" moja. Kihangaza kinachosemwa Ngara ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na katika lugha hizo mbili maji ni "amazi", maziwa ni "amata", mafuta ni "amavuta", yote katika ngeli ya wingi vile vile. Mtoto aliyelelewa na lugha mbili zinazokubaliana namna hiyo akiandika "the water are hot" au "the milk are finished", hajazembea. Amefuata sarufi mbili alizozikuta nyumbani. Kiingereza kinataka "the water is hot", "the milk is finished", kitenzi cha umoja kwa kila nomino isiyohesabika, hata mafuta yakiwa madumu kumi. Inafaa mwalimu alitaje jambo hili wazi, aandike "maji yamemwagika" na "the water has spilt" ubaoni, moja juu ya nyingine, watoto waone pale lugha zinapoachana.

Kuna pale zinapoachana kwa upande mwingine. "-Ingi" yetu haibagui: maharage mengi, sukari nyingi, maji mengi, mayai mengi. Kiingereza kina "many" kwa zinazohesabika na "much" kwa zisizohesabika. Hapo ndipo huzaliwa "many sugar" na "much beans". Dawa ni kulirudia lile jaribio kwa siri kabla ya kuandika: sukari kidogo, basi "much", maharage machache, basi "many". Kwa swali, "how much sugar?" lakini "how many beans?", ingawa huyo atakayeuliza swali la pili sokoni atachekwa kwa Kiingereza kama angechekwa kwa Kiswahili. Na kwa anayeanza, ambaye bado anababaika, lipo "a lot of", linalokubali pande zote mbili: "a lot of sugar", "a lot of beans". Katika sentensi zisizo za kuuliza wala kukanusha, Waingereza wenyewe hulitumia kuliko "much".

Sokoni, kwa kweli, hakuna anayehangaika na haya, kwa sababu kipimo kinatangulia. Kilo, nusu, robo, sado, debe, gunia, fungu, chupa, dumu: vyote hivi vinahesabika katika lugha zote mbili, na ukivitia mbele ya nomino isiyohesabika umepata cha kuhesabu. "Two kilos of rice", "a bottle of honey", "a pinch of salt". Mambo mawili yanahitaji mazoezi. La kwanza ni mpangilio. Sisi dukani hutanguliza bidhaa, mchele kilo mbili, sukari robo, mafuta chupa moja. Kiingereza kinataka kipimo kwanza kisha "of". La pili ni ile "s" baada ya "of". Isiyohesabika hubaki tupu, inayohesabika huchukua wingi: "a sack of rice", lakini "a sack of beans", "a kilo of sugar", lakini "a kilo of onions". Hapo mtu akikosea ndipo unapojua kama somo limeingia.

Majina ya vipimo vyenyewe yana mitego yake. Ukimwambia Mwingereza "a tin of beans" ataona kopo lililofungwa la maharage yaliyopikwa kwa nyanya, la dukani. Sado yetu haina jina huko kwao, nami sioni ubaya wa kusema "a sado of beans" ndani ya Tanzania. Lumbesa nayo haina jina, na Wakala wa Vipimo wangependa isiwe nalo hata kwa Kiswahili. Tonge la ugali tunalieleza kwa "a small ball of ugali", hatuna namna bora.

Ndizi, kinyume chake, zina majina kamili. Watu wa Kagera wanahesabu ndizi kwa ngazi tatu: mkungu mzima ulioshuka mgombani, chane zilizoupanga mkungu, na ndizi moja moja katika chane. Kiingereza cha wakulima na wasafirishaji wa ndizi nacho kina ngazi tatu: "bunch" ni mkungu, "hand" ni chane, "finger" ni ndizi moja. Mkono na kidole. Mtu wa Kagera hatahitaji kuelezwa. Mgogoro uko London, ambako watu hawajawahi kuuona mkungu. Huko dukani wanaita "a bunch of bananas" kile ambacho Ngara ni chane, tena chane iliyopunguzwa. Mwanafunzi atumie "bunch" ajue tu kwamba ukubwa wake unategemea ni nani anayesema.

Mgahawani mambo hulegea. "Leta chai mbili, soda tatu na wali maharage mmoja" ni Kiswahili cha kila siku, na hakuna anayedhani kwamba chai imeanza kuhesabika. Kilichohesabika ni kikombe na sahani. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo mbele ya mhudumu: "two teas", "three sodas", "one coffee". Kwenye mtihani andika "two cups of tea". Kwa mama lishe agiza unavyotaka.

Nimesema mipaka hii ni mazoea, na mazoea yana historia. Njegere za Waingereza zamani ziliitwa "pease", jina lisilohesabika, kama wali. Mwisho wake ulisikika kama "s" ya wingi, na kufikia karne ya 17 watu walikuwa wamekata mkia huo wakapata "pea" moja, "peas" nyingi. Ni mchezo ule ule tulioucheza sisi na "kitab" ya Kiarabu, tukadhani ina "ki-" ya ngeli yetu tukatengeneza vitabu. Na chipsi tumezichukua kwao zikiwa tayari na "s" ya wingi, tukaimeza bila kuiona: chipsi moja kwetu ni sahani nzima. Mwanafunzi anayeandika "one chips" sasa anajua kosa lilikotokea.

Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alizieleza nomino za namna hizi mbili kwa kina katika kitabu chake kuhusu falsafa ya sarufi, kilichotoka 1924. Lakini aliyewasaidia wanafunzi ni A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani. Nomino za Kijapani kwa kawaida hazibadiliki kwa umoja na wingi, na wanafunzi wake hawakuwa na hata ile "-chache" yetu ya kuwaongoza. Kamusi aliyoitunga pamoja na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na iliweka alama kuonyesha nomino ipi inahesabika na ipi haihesabiki. Oxford waliichapisha upya mwaka 1948, na kizazi chake ndicho kile kitabu kinene kilichomo katika maktaba nyingi za sekondari. Fungua "bread" utaona herufi U. Fungua "bean" utaona C. Fungua "chicken" utaziona zote mbili, kila moja na maana yake. Mwingereza hana haja ya herufi hizo, na kwenye kamusi zao wenyewe kwa wenyewe mara nyingi hazimo. Ziliwekwa kwa ajili yetu, na inashangaza ni walimu wangapi hawajawahi kuwaonyesha wanafunzi mahali zilipo.

Kwa mwalimu wa Kirushya na wengine wanaofuatilia, hili ni zoezi la wiki hii. Liandikwe kwa Kiingereza, na kabla ya kila nomino mwanafunzi ajiulize kimoyomoyo kama angesema "-chache" au "kidogo":

"Mama amenituma gulioni. Ninunue mchele kilo mbili, maharage sado moja, chane mbili za ndizi, mahindi matatu ya kuchoma, mikate miwili, nyama nusu kilo, vitunguu vichache, kitunguu saumu, matunda, chumvi kidogo na dagaa."

Dagaa nimewaweka mwisho makusudi. Tunasema dagaa kidogo na tunasema dagaa wachache. Kamusi itakupa "sardines", na mvuvi wa Ziwa Victoria atakwambia dagaa wake si sardini. Niandikieni mmefanyaje. Majibu yatatoka wiki ijayo pamoja na "some" na "any".